Lenzi ya pili: historia fupi ya zumu ya bei poa

Kuna jambo linalompata karibu kila anayenunua kamera yake ya kwanza ya DSLR. Inakuja na lenzi moja, ile ya milimita 18 hadi 55, na kwa wiki kadhaa unapiga kila kinachokaa mbele yako: mtoto wa dada, paka wa jirani, machweo ya Coco Beach, hata sahani ya chipsi mayai. Halafu siku moja unataka kupiga kitu kilicho mbali. Unazungusha lenzi mpaka mwisho wake, unachungulia, na yule uliyemkusudia ni mdogo kama punje ya mchele. Hapo ndipo swali la lenzi ya pili linapoanza.

Sisi wa magazetini tunalijua swali hili kwa uchungu. Mpiga picha wa gazeti ni mmoja, matukio ya siku ni manne, kwa hiyo mwandishi anatumwa na kamera yake mwenyewe shingoni. Umezuiwa nyuma ya kamba, mgeni rasmi yuko jukwaani kule, na mhariri anataka uso wake, hataki paa la hema. Ukikaa nyuma ya goli pale Uwanja wa Benjamin Mkapa ndiyo usiseme.

Pesa nazo tunazijua. Zile lenzi nyeupe ndefu unazoziona kwa wapiga picha wa mashirika makubwa ya habari ni bei ya Bajaji, na zipo zinazofika bei ya gari. Kwa hiyo wengi tunaangukia zile zumu ndefu za bei poa: 55-200, 55-250, 70-300, 75-300. Kwa macho zote zinafanana. Nyeusi, za plastiki, namba zinakaribiana. Muuzaji atakwambia chukua yoyote, ila 300 ni kubwa kuliko 200. Mimi nasema kabla hujatoa pesa uliza ilizaliwa mwaka gani, maana kila moja imebeba tumboni uamuzi wa zama zake. Ngoja tuanzie mbali kidogo.

Kwa zaidi ya miaka 100 ya kwanza ya upigaji picha, mpiga picha aliyetaka kukikaribia kitu alikuwa na njia mbili: atembee, au abadilishe lenzi. Wazo la lenzi moja inayorefuka na kufupika lilikuwepo. Mmarekani Clile Allen alipata hataza ya lenzi ya namna hiyo mwaka 1902. Mwaka 1932 ikaja Cooke Varo ya milimita 40 hadi 120, kwa ajili ya kamera za sinema. Lakini kuitengeneza vizuri ni kazi kweli kweli. Lenzi ni vipande kadhaa vya kioo vilivyopangwa ndani ya bomba. Ukisogeza kimoja ili taswira ikue, fokasi inapotea, na lazima kingine kisogee kwa kiasi chake maalumu ili kuirudisha. Na hesabu zote hizo, za kila mwale wa mwanga unaopita kila kioo, zilifanywa kwa mkono na kalamu.

Aliyefanya dunia ianze kutamka neno zumu ni Frank Back, mhandisi mzaliwa wa Vienna. Austria ilipomezwa na Ujerumani ya Hitler mwaka 1938 ilibidi aondoke, akaishia New York. Ujanja wake ulikuwa kuvifunga pamoja vioo vinavyosogea ili viende mbele na nyuma kama kitu kimoja, badala ya kuhangaika na kila kimoja na njia yake. Fokasi haikukaa sawasawa kila mahali, lakini ilikaa karibu na sawa, na karibu na sawa kulitosha. Lenzi aliyoiita Zoomar ikaingia kwenye filamu za habari, na mwaka 1947 kwenye matangazo ya televisheni ya mechi za besiboli. Unaona? Hata huko chanzo kilikuwa uwanja wa michezo, na mtu aliyekaa mbali anayetaka kumwona mchezaji.

Mwaka 1959 ikatoka Zoomar ya kwanza kwa kamera za picha za kawaida, milimita 36 hadi 82, ikiuzwa kwa jina la Voigtländer na kutengenezwa Munich katika kiwanda cha Kilfitt. Ilikuwa na vioo 14 na uso mpana kama mdomo wa bakuli la uji. Mwaka huohuo Nikon nao wakatoa 85-250 yao. Zote mbili hazikuwa za mtu wa mshahara.

Sasa tufike kwa lenzi ninayoipenda kuliko zote katika historia hii, ingawa waliowahi kuitumia wengi wanaicheka. Mwaka 1963 Nikon walitoa zumu ya milimita 43 hadi 86. Aliyeisanifu anaitwa Takashi Higuchi, na agizo lilikuwa iwe ndogo, nyepesi, na bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia. Vioo 9 tu. Ili kufika hapo kuna vitu viliachwa. Ukipiga ukuta wa matofali, mistari inapinda. Ukielekea jua, picha inafunikwa na ukungu wa mwanga. Sifa yake mbaya ilidumu miongo. Lakini ilinunuliwa sana! Ndiyo iliyoonyesha kwamba watu wengi, wakipewa uchaguzi kati ya picha yenye kasoro na kukosa picha kabisa, watachukua yenye kasoro bila hata kufikiri. Biashara nzima ya lenzi ya pili ya bei poa imejengwa juu ya ugunduzi huo.

Na kuna jambo la ziada. Katika miaka ya 1970 Nikon walipanga upya vioo vya ndani vya lenzi hiyo, ikawa bora kuliko ya mwanzo, lakini namba za nje zikabaki zilezile: 43-86. Lenzi mbili tofauti, jina moja. Ukiikuta leo kwenye kabati la mzee fulani huwezi kujua ni ipi mpaka uangalie namba yake ya kiwandani.

Mchezo huo wa majina uliendelea kwa kampuni nyingine. Vivitar ilikuwa ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1938 kwa jina la Ponder & Best na wahamiaji wawili kutoka Ujerumani, Max Ponder na John Best. Lenzi zake hawakuzitengeneza wenyewe. Waliagiza kutoka viwanda mbalimbali vya Japani na kubandika jina lao. Katikati ya miaka ya 1970 walitamba na zumu yao ya Series 1, milimita 70 hadi 210, familia ya lenzi zilizosanifiwa kwa msaada wa kompyuta, na wapiga picha waliokuwa wakizidharau lenzi za kampuni za pembeni wakaanza kunyamaza. Wajuzi hadi leo wanasoma tarakimu mbili za mwanzo za namba ya lenzi ya Vivitar: 22 ni kiwanda cha Kino, 28 ni Komine, 37 ni Tokina. Sigma, Tamron na Tokina walikua katika mazingira hayohayo, na kama unaweza leo kununua zumu isiyo ya Canon wala Nikon kwa bei nafuu, mlango huo ulifunguliwa wakati ule.

Haya, kompyuta zikafanya hesabu, mashine zikakata vyuma kwa usahihi, bei zikashuka. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna kompyuta inayoweza kukishusha bei, nacho ni mwanga.

Hapa nivumilie kidogo na hesabu. Ile f/2.8 au f/5.6 iliyoandikwa kwenye lenzi ni mgawanyo tu: urefu wa lenzi ugawanye kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la milimita 71 hivi. Hiyo ndiyo maana lenzi za 70-200 za f/2.8 zina uso mpana, zinakaribia kilo moja na nusu, na zina bei ya kukutoa machozi. Sasa chukua lenzi ya milimita 200 yenye f/5.6. Tundu ni milimita 36 tu. Vioo vinakuwa vidogo, bomba linakuwa la plastiki, uzito unashuka hadi gramu mia mbili au tatu na kitu, na bei inashuka nao. Ulichouza ni mwanga: f/5.6 inapitisha robo tu ya mwanga wa f/2.8. Ndiyo maana zumu hizi zimeandikwa f/4-5.6. Kadiri unavyovuta karibu ndivyo giza linavyoongezeka, na sisi tunavuta mpaka mwisho kila siku.

Kwa hiyo zumu ya bei poa ni nyepesi kwa sababu ni ya giza. Karibu kila kilichofuata katika historia yake ni wahandisi wakitafuta namna ya kuishi na giza hilo.

Kwanza ikaja fokasi ya kujiendesha. Mwaka 1985 Minolta walitoa kamera yao ya 7000, na mota ya kusogeza fokasi ikiwa ndani ya kamera. Nikon walifuata njia hiyohiyo mwaka 1986 na F-501, wakibaki na mdomo wao wa tangu 1959. Canon wakafanya ukatili: mwaka 1987 waliutupa mdomo wao wa zamani wa FD, wakaanza upya na EOS, na mota wakaiweka ndani ya kila lenzi. Waliokuwa na kabati zima la lenzi za FD walilia. Lakini uamuzi huo ndio unaomfanya kijana wa leo mwenye DSLR ya Canon aweze kuchukua lenzi ya EF ya 1987, akaifunga, ikafanya kazi.

Kwa upande wa Nikon mtego uko palepale hadi leo, na nimeuona ukimnasa mtu. Mwaka 2006 Nikon walitoa D40, kamera ndogo ya bei ndogo, na ili kupunguza gharama wakaondoa ile mota ya ndani. D60, D3000 na familia zake zikafuata mkondo huo. Wakati huohuo sokoni zilikuwepo zumu za 70-300 za mwaka 2000, rahisi kabisa, zinazotegemea mota ya kamera. Ukiifunga moja kwenye D40 inapiga picha, lakini fokasi unazungusha kwa mkono. Mwenzangu mmoja aliuziwa hivyo na duka moja la mjini, akaambiwa lenzi "inahitaji kuzoeleka". Ilihitaji mota! Tafuta herufi AF-S kwenye lenzi. Ikiwa ni AF peke yake, na kamera yako haina mota, achana nayo.

Kisha mwaka 1995. Huu ni mwaka muhimu kuliko yote katika habari hii. Kanuni ya zamani inasema ukishika kamera kwa mkono, kasi ya shata isipungue urefu wa lenzi: ukiwa milimita 300, angalau sehemu ya 1/300 ya sekunde. Lakini kwa tundu dogo la f/5.6, mawingu yakitanda tu kasi hiyo huipati, na picha inatoka imetikisika. Mwaka 1995 Canon walitoa 75-300 yenye IS, lenzi ya kwanza ya kubadilishwa ya kamera za SLR yenye kituliza mtikisiko. Ndani yake kuna vitambuzi vinavyohisi mkono wako unavyotetemeka, na kundi la vioo linasogezwa upande wa pili kuufuta mtikisiko huo. Waliokuwa wanahitaji kasi ya 1/250 sasa wangeweza kujaribu 1/60.

Ila ilikuwa ghali. Na hapa ndipo fumbo la 75-300 lilipo. Canon waliendelea kuuza pia 75-300 zisizo na kituliza, mpangilio wa vioo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo la III likatoka mwaka 1999. Zote zilibuniwa kwa ajili ya filamu. Picha ya familia iliyosafishwa kwa saizi ya kadi ya posta haikuonyesha kasoro zake.

Halafu dijitali ikashuka bei. Nikon D1 ya 1999 ilikuwa zaidi ya dola 5,000. Mwaka 2003 Canon wakatoa EOS 300D, kwa mara ya kwanza DSLR chini ya dola 1,000, na hapo ndipo ile 18-55 ya plastiki ilipozaliwa, ili kamera isitoke dukani bila jicho. Sensa ya kamera hiyo (si ile ya watu na makazi) ni ndogo kuliko filamu, hivyo inakata kingo za picha, na lenzi ya milimita 250 inakuonyesha kile ambacho kwenye filamu kingehitaji 400. Zawadi ya bure kwa sisi wa mbali! Lakini sensa hiyo ina macho makali. Mtu akaweza kukuza picha kwenye kompyuta mpaka aone kope, na 75-300 ya zamani ikaumbuka: ukivuta mpaka 300 picha inalegea, na kingo za vitu zinapakwa zambarau.

Watengenezaji waliliona. Mwaka 2005 Nikon walitoa 55-200 iliyobuniwa kwa sensa ndogo, mwaka 2007 ikapata kituliza, VR. Mwaka huohuo Canon wakatoa 55-250 IS. Kwangu mimi 2007 ndio mstari. Kabla yake, zumu ndefu ya bei poa ilikuwa ama haina kituliza ama ilibuniwa kwa filamu, mara nyingi vyote viwili. Baada yake, kwa pesa inayokaribiana, unapata vyote unavyohitaji. Fupi kwa namba, 250 badala ya 300, lakini ile 250 ukiikata kwenye kompyuta bado inaishinda 300 ya zamani. Toleo la 55-250 STM la mwaka 2013 ndilo bora kuliko yote ya Canon kwenye kundi hili, na kama mfuko unaruhusu lenga hilo.

Ukidhani ya kale yamekwisha, sikia hii. Canon na Nikon walihamia midomo mipya ya kamera zisizo na kioo mwaka 2018, RF na Z. Mwaka 2025 Canon wakatoa lenzi rahisi kwa mfumo wa RF. Milimita ngapi? 75-300. Bila kituliza, na vioo kwa mpangilio uleule wa kale. Lenzi ya enzi za filamu imevaa kanzu mpya.

Kuhama huko kumetusaidia sisi wa mtumba. Wenye pesa wanauza mali zao za DSLR, na zumu nzuri za baada ya 2007 zinapatikana kwa bei ambayo miaka 10 iliyopita ungecheka. Kwa kamera ya Canon, chukua 55-250. Kwa Nikon, 55-200 VR, au 70-300 VR ya 2006 ukiipata, nzito zaidi lakini fokasi yake ina mbio. Mwenye Sony Alpha ya zamani ana bahati yake: kituliza kiko ndani ya kamera, kwa hiyo hata 70-210 ya f/4 ya Minolta ya mwaka 1985, ile ya chuma, inatulizwa.

Lakini tusidanganyane. Kituliza kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji anayekimbia. Mechi ya usiku chini ya taa, au ukumbi wa semina wenye mapazia mazito, f/5.6 ni ileile ya giza. Kama kazi yako ni ya usiku, fikiria kuachana na zumu kabisa na kununua lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8. Haivuti, lakini inapitisha mwanga karibu mara 10, na kwa mkutano wa ndani inatosha.

Ukiwa dukani, hasa huku pwani kwenye joto na unyevu, washa tochi ya simu, ipitishe upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu. Rudisha, hata wakikupunguzia. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho usikie kama inakwaruza. Na soma herufi zote kwenye ukingo wa lenzi, maana hata zumu mpya za Nikon za mwaka 2016, zile 70-300 za AF-P, zilitoka mbili, moja yenye VR na moja isiyo nayo, na hakuna hata moja kati yake inayoweza kufokasi kwenye D40, D80, D90 wala D3000. Beba kamera yako, uifunge lenzi palepale, upige picha tatu ukiwa umevuta mpaka mwisho, muuzaji akisubiri.